Testi ya Akili: Pointi Zake Zinaonyesha Nini?



Mara na mara tunasikia mu kalasi: "Ule alipata pointi kidogo mu testi, akili hana." Sisi wafinalisti tunapenda kueleza namna hesabu ya testi hizi iko, maana neno kama hilo linaweza kuharibu masomo ya mtu.

Kwanza, akili haipimwi kwa kilo sawa vile unga. Wanalinganisha tu vijana wa umri mmoja. Katikati wanaweka 100. Kati ya watu 100, karibu 68 wanapata kati ya 85 na 115. Wenye kuwa chini sana ao juu sana ni wachache.

Pili, mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aliona hivi: mwanafunzi mwenye kufanya vizuri somo moja, mara nyingi anafanya vizuri na mengine. Akafikiri kuko nguvu moja ya jumla, na pembeni yake nguvu ya kila kazi. Lakini "mara nyingi" si "kila mara". Mwenye kushindwa hesabu anaweza kupita wote mu Kifaransa.

Tatu, tuangalie kwetu. Kuko testi inaitwa Matrix 38, kazi ya Raven: maulizo 60 ya picha, mafungu 5. Picha inakosa kipande, unatafuta chenye kufaa. Mwaka 1957 Ombredane na wenzake walitoa matokeo ya Baluba 485. Mwaka 1959 Laroche alichunguza watoto wa Katanga wenye kurudilia testi ile ile. Ikaonekana kwamba kurudilia kunapandisha pointi.

Sasa tufikiri. Je, akili ya mtoto iliongezeka kwa muda mufupi vile? Hapana. Alizoea kazi, akafahamu wanamuuliza nini. Basi pointi za mara ya kwanza zilipima akili pamoja na mazoea.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wadogo wetu wa mwaka wa 8, wenye kuchagua seksio, wasihukumiwe kwa testi moja tu. Matokeo ya miaka yote yaangaliwe pia. Na mbele ya testi, wapewe mifano ya kujizoeza.

Na wewe uliyepata kidogo, usivunjike moyo. Namba ile ni ya siku moja. Kesho rudia kitabu.