Wafuasi waaminifu mitandaoni huvunwa kwa ukarimu
WENYE kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp mjini Garsen, Kaunti ya Tana River, wanaweza kujipatia wafuasi waaminifu kwa kuwatanguliza wengine badala ya kujisifu.

Mpokomo anayevuna maembe na Muorma anayeuza maziwa wote wanahitaji wateja. Anayetangaza bidhaa zao bila malipo, akawajibu wanaouliza na kumtaja aliyempa habari, huaminiwa na pande zote.

Imani hiyo ni akiba ya siku ya mafuriko. Mto Tana ulipovunja kingo zake mwaka wa 2023 na 2024, maelfu walihama makwao. Wakati kama huo, onyo la kuhamia nyanda za juu husikilizwa likitoka kwa mtu ambaye tayari amewafaa wenzake.

Wema hauozi.