Kompyuta ya zamani ikikukatalia faili zako, usikimbilie kuiformata

Bukavu – «Accès refusé». Maneno hayo mawili yalitokea kwenye kioo cha kompyuta yangu ya zamani nilipotaka kufungua dosie ya sauti nilizorekodi nikiwa mwanafunzi. Ndani mulikuwa mazungumzo na mama wauzaji wa soko la Kadutu, niliyofanya kwa ajili ya TFC yangu, na pia sauti ya nyanya yangu ambaye leo hayuko tena. Fundi wa kwanza aliangalia masini dakika chache, akasema faili zimekufa na dawa ni kuformata. Nilikataa. Hakuna faili hata moja iliyokuwa imepotea.

Masini hiyo ina mifumo miwili kwenye disiki moja: Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, na Ubuntu, ambayo CD zake zilikuwa zinatumwa bure kwa posta hadi mwaka 2011. Ukiiwasha, menyu inakuuliza unataka kuingia wapi. Wengi tulisoma na kompyuta za namna hiyo, na kazi zetu zingali ndani yake.

Namba, si jina

Windows XP haikutambui kwa jina. Kila mtumiaji anapewa namba ndefu, na namba hiyo ndiyo inaandikwa kwenye faili kama mwenye mali. Windows ikiwekwa upya, inatengeneza namba mpya, hata ukichagua jina lile lile na neno la siri lile lile. Kwa masini, umekuwa mgeni. Ndivyo ilivyonifikia: Windows ilikuwa imewekwa upya, na dosie yangu ya zamani ilikuwa imefungwa kama ya siri.

Linux nayo inahesabu namba. Kwenye Ubuntu, mtumiaji wa kwanza ni 1000. Kwenye Fedora, kabla ya mwisho wa mwaka 2011, alikuwa 500. Ukihamisha disiki kutoka masini moja kwenda ingine, faili zinabaki na namba ya zamani, na unasoma «Permission non accordée».

Anza na kunakili

Kabla ya kugusa kitu, nakili. Ubuntu inasoma sehemu ya Windows bila kufuata makatazo yake, kwa hiyo dosie iliyofungwa kule mara nyingi inafunguka huku. Mimi niliingia Ubuntu, nikaikuta dosie, nikainakili kwenye flashi. Ilichukua dakika kumi.

Kisha nilirudi Windows kurekebisha. Katika «Options des dossiers», ondoa alama kwenye «partage de fichiers simple». Halafu bonyeza kitufe cha kuume juu ya dosie: «Propriétés», «Sécurité», «Avancé», «Propriétaire». Chagua jina lako na ukubali mabadiliko yafike hadi kwenye dosie za ndani. Kwenye XP Home, ukurasa wa «Sécurité» unaonekana tu ukiwasha kwa «mode sans échec».

Upande wa Linux, amri ya ls -ln inaonyesha namba ya mwenye faili. Ikiwa si yako, sudo chown -R ikifuatwa na jina lako na jina la dosie inakurudishia mali yako. Fanya hivyo kwa dosie yako tu. Kuna mafundi wanaoandika chmod 777 kwa disiki nzima: ni kama kuvunja milango yote ya nyumba juu ya ufunguo mmoja uliopotea. Hata sudo yenyewe inaweza kukataa kufanya kazi kisha hapo.

Wakati shida si ruhusa

Mara ingine faili inasomeka lakini haikubali kubadilishwa. Kama umeme ulikatika Windows ikiwa wazi, ao uliiacha katika «veille prolongée», Linux inafungua sehemu ile kwa kusoma tu, ao inakataa kabisa, ili isiharibu. Hapo usihangaike na chown. Rudi Windows, endesha chkdsk /f, kisha uizime vizuri.

Onyo moja: kwenye XP, jina la faili likiwa la rangi ya kijani, faili hiyo imefichwa kwa ufunguo wa Windows ya zamani. Kubadilisha mwenye mali hakusaidii. Bila ufunguo huo, haitafunguka, na kuformata kunafuta hata tumaini la mwisho.

Kwa hiyo fundi akikuambia faili zimekufa, muulize kwanza: masini inasema zimeandikwa kwa namba ya nani? Asipoweza kujibu, chukua masini yako, urudi nyumbani. Mimi, sauti za Kadutu ziko sasa kwenye flashi mbili, na moja inatunzwa kwa mama.