Imani Hufundishwa Hata Njiani
Wamormoni huwatuma vijana wao kuhubiri wawili wawili, wanaume kwa miezi 24 na wanawake kwa miezi 18. Hawalipwi mshahara, wala kijana hachagui mahali pa kwenda au mwenzi wa kukaa naye. Huenda wakapiga hodi mchana kutwa wasifunguliwe mlango hata mmoja.

Lakini humo mna mafundisho. Kumvumilia mwenzi anayekoroma ni upendo. Kuosha vyombo vilivyochafuliwa na mwingine ni unyenyekevu. Kurudi kesho kupiga hodi tena ni imani. Mkulima naye hupanda asijue mvua itanyesha lini, na karani mwema huandika sawasawa hata asipotazamwa.

Je, bwana msomaji, kazi yako imekufundisha nini juma hili?