Sura ya 5: Mnyororo Uko Upande Gani?

Kwenye Barabara ya Ggaba, pale Kansanga, bodaboda hazina idadi. Zimejipanga karibu na lango la Kampala International University, zinapenya kati ya teksi na malori, na mtu hamalizi hatua chache kabla dereva hajamwita. Mkazi wa hapa ameziona maisha yake yote. Mpe kalamu ya risasi na karatasi, mwambie achore moja bila kuitazama. Magurudumu mawili yatatoka bila shida. Baada ya hapo mkono unaanza kusita. Tangi la mafuta limekaa juu ya nini? Mnyororo unatoka wapi, unaishia wapi, tena uko upande gani? Madigadi ya mbele imeshikwa na nini?

Rebecca Lawson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Liverpool, alichapisha utafiti mwaka 2006 kuhusu jambo hilihili, ila yeye alitumia baiskeli, chombo chepesi kuliko pikipiki. Aliwataka watu wakamilishe mchoro wa baiskeli kwa kuongeza fremu, pedali na mnyororo. Wengi walikosea, wakiwemo waendesha baiskeli, na wapo waliouzungusha mnyororo kwenye magurudumu yote mawili, jambo ambalo lingeifanya baiskeli ishindwe kukata kona. Hakuna haja ya kuwacheka. Akili huweka kile inachokitumia. Abiria wa boda anajua bila kufikiri kwamba bomba la moshi liko kulia, maana shavu la mguu wake limeshaungua au limeponea chupuchupu. Mnyororo, ulioko kushoto na mara nyingi umefunikwa kwa bati, haujawahi kumsumbua, kwa hiyo hakuuweka kichwani.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa uchoraji wanapojihukumu vibaya. Mchoro wa kutoka kichwani ukiwashinda, wanasema hawana kipaji cha kubuni. Wanadhani mchoraji hodari anaona picha kamili ndani ya fuvu lake, kisha anainakili tu. Sikubaliani nao, na ushahidi nilionao ni mzito. Glen Keane, aliyemchora Ariel katika filamu ya The Little Mermaid ya mwaka 1989, ameeleza kwamba akifumba macho haoni picha yoyote. Hali hiyo ilipewa jina la afantasia na Adam Zeman na wenzake mwaka 2015. Mtu asiyeona chochote kichwani ametoa mmoja wa wahusika wa katuni wanaojulikana zaidi duniani! Alichokuwa nacho ni ujuzi wa jinsi mwili ulivyoungwa, na mazoea ya kutafuta umbo juu ya karatasi yenyewe: mstari unawekwa, unatazamwa, unarekebishwa.

Suala hili lina historia yake Kampala, juu ya kilima cha Makerere. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma sanaa katika shule ya Slade mjini London, alianza kufundisha uchoraji hapo mwaka 1937. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Kwa kufuata mbinu za mwalimu wake, Marion Richardson, aliwasimulia tukio kwa maneno, nao wakalichora jinsi walivyolifikiria. Kwa nje inaonekana kama uchoraji usio na kielelezo kabisa. Lakini mtazame Sam Ntiro, Mchaga aliyezaliwa Machame mwaka 1923, mwanafunzi wake na baadaye mwalimu palepale. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko katika Jumba la Sanaa za Kisasa mjini New York. Ntiro hakuhitaji kuwapanga watu mbele yake ili aichore. Migomba, njia za mlimani na mtu aliyejitwika mzigo alikuwa amevitazama tangu utotoni, na si kwa kupita tu: alivilima, alivipanda, alivibeba. Vielelezo vyake vilikuwa vimeshaingia mwilini.

Trowell alipoondoka mwaka 1958, Cecil Todd aliyeshika nafasi yake aligeuza mkondo. Akaleta historia ya sanaa ya dunia, uchambuzi wa rangi na kuchora kwa kutazama. Wapo wanaoziona shule hizi mbili kama mahasimu, na kwa upande wa siasa za utamaduni wana hoja. Kwa upande wa mkono na jicho, mimi naona zinahitajiana. Simulizi ya Trowell ilimtaka mwanafunzi atoe akiba. Mazoezi ya Todd yalimtaka aiongeze. Anayechota tu bila kujaza ataishia kurudia mti uleule na uso uleule hadi uzeeni.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu kujaza ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, mwaka 1935, aliyefundisha sanaa Makerere enzi za Todd. Vitabu vyake kuhusu mamalia wa Afrika Mashariki vilianza kutoka mwaka 1971, na vimejaa michoro ya kalamu ya risasi. Kingdon alipasua wanyama. Alichora mifupa, akachora misuli juu ya mifupa, akachora ngozi juu ya misuli. Ndiyo maana wanyama wake wana uzito na wanakwenda.

Nasi tunaweza kufanya hivyo kando ya Barabara ya Ggaba bila kisu. Chagua boda moja iliyoegeshwa. Itazame dakika kadhaa bila kalamu, ukijiuliza kila kitu kinashikwa na nini: injini imening'inia kwenye fremu, mabomba mawili ya mbele yanashuka kutoka kwenye usukani kwa mshazari hadi kwenye ekseli ya gurudumu, stendi inaiegemeza upande wa kushoto. Geuka, uipe mgongo, chora. Kisha irudie ukiwa na kalamu nyekundu na usahihishe juu ya mchoro wako mwenyewe. Sehemu zenye wekundu mwingi ndizo za kutazama kesho. Mfaransa Horace Lecoq de Boisbaudran aliwafundisha hivi, kutazama kwanza na kuchora baadaye, vijana wa Paris katika karne ya 19, na mchongaji Rodin alikuwa mmoja wao.

Siku nyingine ichore bodaboda hiyohiyo kutoka nyuma, halafu kama inavyoonekana kutoka ghorofani. Magurudumu yatakuwa duaradufu, na lazima ujue zimelala upande gani. Picha ya simu inasaidia, ila ina hila zake: ukiipiga kwa karibu sana, gurudumu lililo mbele yako linavimba na la nyuma linasinyaa. Na kupitisha kalamu juu ya picha hiyo kutakupa mchoro safi usiobakiza kitu kichwani, kwa sababu jicho halikulazimika kuamua lolote.

Kuna kielelezo kingine ambacho Kampala imebarikiwa nacho, kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayekaribia urefu wa mtu. Wachoraji wengi huharibu miguu yake. Kiungo kile kinachopinda kuelekea nyuma, ambacho karibu kila mtu hukiita goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu, chini ya manyoya, jirani na tumbo, nalo hupinda kuelekea mbele kama letu. Kaloli hutembea kwa vidole tu. Hata weupe wa miguu yake una sababu: huinyea ili kujipoza jua likiwa kali. Ukishaelewa kifundo kile, umempata kuku na heroe pia, na hata mguu wa nyuma wa mbuzi na mbwa, kwa kuwa nao wamesimama juu ya vidole. Saa moja ya kumchunguza ndege mmoja imekufungulia wanyama wengi ambao hujawahi kuwachora.

Baada ya hapo nenda kwenye kitu kisichokuwepo. Mchore kaloli akiwa dereva wa boda, amembeba abiria. Miguu yake ni mirefu mno kwa pikipiki ile, kwa hiyo vifundo vitatokeza nyuma na kumkwaruza abiria, isipokuwa akae mbele, karibu na tangi. Vidole vyake vitashikaje kikanyagio cha gia? Mdomo, ulio mrefu na mzito, utaziba taa akiinamisha kichwa. Hakuna mahali pa kuiga picha hii, lakini karibu kila jibu unalo. Na ukikwama kwenye namna bawa linavyokunjika kushika usukani, panda teksi ushuke mwaloni Ggaba, ambako kaloli husubiri matumbo ya samaki. Mtafute anayeota jua kwa mabawa wazi, uanze kumtazama kuanzia begani.