Boti ya Doria kama Darasa (Sehemu ya Pili)

Atokaye Likoni akifika njiapanda ya Kombani ama hukata kulia kupanda Kwale mjini, ama hushika njia ya Diani na Msambweni hadi Shimoni. Kijana wetu aliyesoma hukata kulia, kwenye ofisi za kaunti. Bahari humwachia mvuvi. Nadai kwamba boti moja ndogo ya doria, ikitumiwa kwa zamu na Pwani University na Chuo cha Kiufundi cha Mombasa chini ya Jeshi la Wanamaji la Mtongwe, ingembadili kuliko jumba jingine la mihadhara. Uingereza ilitenga boti za aina ya P2000 kwa kazi hiyo ya kuwafunza wanafunzi wa vyuo vikuu ubaharia: urefu wa kama mita 21, mabaharia watano, wanafunzi wasiozidi 12. Tena umbo lake lilitokana na boti za walinzi wa pwani wa Oman, watu ambao majahazi yao tunayajua. Udogo ndio siri yake. Kwenye meli kubwa mwanafunzi ni abiria. Humu hupiga mstari kwenye ramani, hutaja nyuzi za dira, na mwenzake hugeuza usukani kwa neno lake. Akisahau mkondo wa bamvua, mwamba aliodhani uko kushoto hutokeza omoni.

Wapo wanaohofia kwamba huku ni kuwavika wasomi magwanda. Hofu hiyo si ya kubeza, lakini mwanafunzi wa Uingereza halazimiki kujiunga na jeshi amalizapo masomo, na sharti hilo liandikwe hapa pia. Gharama ndiyo hoja nzito zaidi, kwa kuwa injini mbili za dizeli hazinyweshwi maji ya kisima. Hata hivyo boti haina haja ya kulala gatini vyuo vikifungwa: Dasher na Pursuer, zote za aina hiyo, ziliwahi kupelekwa Cyprus kufanya doria. Yuko pia atakayesema wavuvi wa Gazi na Wasini wanaijua bahari bila cheti. Kweli kabisa, na ndiyo maana mmoja wao apandishwe awe mwalimu, kwani ramani haimwonyeshi mwanafunzi rangi ya maji juu ya mwamba wakati wa kusi. Juma lijalo: usukani ushikwe na Wanamaji, au na Walinzi wa Pwani walioanzishwa 2018?