Munkoyo, kibuku, lutuku: namna zinapikwa nyumbani, na fasi hatari inaanzia

Lubumbashi ni mji wa Simba na Tembo, pombe mbili za chupa ambazo wakaaji wengi wanazijua tangu utoto. Lakini katika komini za Katuba, Kenya, Ruashi ao Kampemba, kuna kiwanda kingine ambacho hakina ukuta wala moshi mrefu. Kiko nyuma ya nyumba: chungu kikubwa, moto wa makala, mapipa mawili matatu ya plastiki, na mama mumoja anayejua kazi yake.

Mule munatoka vinywaji vitatu: munkoyo, kibuku na lutuku. Watu wengi wanavitaja pamoja kama vile ni ndugu wa tumbo moja. Kweli, vyote vinaanza na unga wa mahindi. Lakini namna ya kupika si moja, nguvu si moja, na hatari pia si moja. Na wakati mfuko wa mahindi unapanda bei, ni vizuri kila nyumba ijue tofauti.

Kazi ya kwanza: kugeuza unga kuwa sukari

Pombe yote ya dunia inatoka kwenye sukari. Kuna kadudu kadogo kasichoonekana kwa macho, chachu, ambako wengi hapa wanakaita levire. Kanakula sukari na kutoa vitu viwili: alkoli na gesi. Ile gesi ndiyo inafanya povu.

Shida ni kwamba mahindi makavu hayana sukari mingi. Yako na wanga, ile nguvu inayofanya bukari ishike. Chachu haiwezi kula wanga. Lazima kwanza kitu fulani kikate wanga ule vipande vidogo vidogo vya sukari. Kitu kile kinaitwa enzimu. Mupikaji wa munkoyo na mupikaji wa kibuku wanatafuta enzimu kila mutu kwa njia yake.

Munkoyo: siri iko kwenye muzizi

Munkoyo inajulikana pande zote mbili za mupaka, Katanga na Zambia. Enzimu yake inatoka kwenye mizizi ya mimea ya porini, ya jamii za Rhynchosia na Eminia, inayoota katika misitu ya miombo. Sokoni inauzwa kwa mafungu, imekwisha kupondwa mpaka inafanana na kamba.

Mama anapika uji wa mahindi, anauacha kwenye moto muda murefu mpaka unga unaiva kabisa. Kisha anautoa na kuuacha upoe. Hapa ndipo wageni wanakosea. Wakitia mizizi wakati uji ungali unachemuka, enzimu inakufa, na uji unabaki muzito kama ulivyokuwa. Wakingoja mpaka uji umekuwa baridi kabisa, kazi inaenda polepole sana. Lazima uji uwe wa moto wa kadiri. Wamama hawatumii kipima-joto, wanapima kwa mukono.

Mizizi ikiingia kwa wakati wake, mutu anaona ajabu kwa macho yake: uji uliokuwa muzito unaanza kulainika, unakuwa mwepesi kama mayi, na ukionja, ni mutamu hata kama hakuna aliyetia sukari. Wanga umekatwa. Wapikaji wengine wanaloweka mizizi kwanza katika mayi, wanachuja, na kumimina yale mayi ndani ya uji. Matokeo ni yale yale.

Kisha munkoyo inalala. Usiku ule mikrobe mizuri, ya aina ile inayochachisha maziwa, inaanza kutia ukali. Asubuhi yake munkoyo ni kinywaji cha kila mutu: mutoto wa masomo, fundi wa kazi, mama anayetoka kanisani.

Lakini munkoyo haisimami. Chachu iko ndani pia, inaendelea kula sukari. Siku ya pili utamu unapunguka na alkoli inapanda. Siku ya tatu ile ile munkoyo ya watoto inaweza kuwa pombe. Hakuna aliyeongeza kitu. Ni wakati tu umepita, na joto la mwezi wa kumi linaharakisha kazi zaidi. Kwa hiyo anayenunulia mutoto, ao mwanamuke mwenye mimba, ao mutu ambaye dini yake inamukataza pombe, anapashwa kuuliza swali moja tu: "Mama, hii umeipika siku gani?"

Jambo lingine dogo lakini la kweli: munkoyo isifungwe kwa nguvu ndani ya chupa. Gesi ikikosa njia, chupa ya plastiki inavimba, na ya kioo inapasuka.

Kibuku: nafaka inayoota

Kibuku haitafuti muzizi. Enzimu yake inatoka ndani ya nafaka yenyewe. Mbegu ikianza kuota, inatengeneza enzimu ili ijilishe. Mupikaji anaiba ile kazi ya mbegu.

Mahindi, mtama ao ulezi unalowekwa siku moja ao mbili, unatandikwa juu ya mifuko, unafunikwa na kunyunyiziwa mayi. Kisha siku chache mimea myeupe inatoka. Hapo unaanikwa juani mpaka unakauka, na kupelekwa kwenye mashini ya kusaga. Ule unga wa mbegu zilizoota unachanganywa na uji, unaachwa uwe mukali, unapikwa tena, kisha unaongezewa unga mwingine wa namna ile ile wakati joto limeshuka. Chachu inafanya kazi siku moja mpaka tatu. Ukihesabu tangu kuloweka, ni karibu juma moja na zaidi.

Kibuku inanyweka ingali inachemka kwa chachu. Ni nzito, ina rangi ya udongo, ni chakula na kinywaji. Kwa kawaida nguvu yake ni chini ya pombe ya chupa. Na haiwekeki: kisha siku mbili tatu inageuka siki. Ndiyo maana mupikaji anataka iuzwe yote haraka, na jirani wanajua siku yake ya kupika.

Ulaya na Amerika pia watu wanapika pombe nyumbani, kwa kujifurahisha tu. Uingereza iliondoa ruhusa ya lazima kwa wapikaji wa nyumbani mwaka 1963, na Marekani ilifungua mulango kwa sheria ya mwaka 1978. Wao wananunua shayiri iliyokwisha kuoteshwa, na chachu ya pakiti. Wako na kipima-joto na kifuniko chenye njia ndogo ya kutoa gesi bila kuingiza uchafu. Lakini ukiuliza kazi yao kubwa ni gani, watakuambia: kuosha vyombo. Pale hakuna tofauti na mama wa Katuba.

Lutuku: moto wa pili

Lutuku ni kitu kingine. Mahindi na mihogo vinachachishwa, kisha vinatiwa ndani ya pipa juu ya moto. Alkoli inachemka mbele ya mayi, inapanda kama mvuke, inapita katika mupira ao bomba ndani ya mayi baridi, na kutoka tone kwa tone. Nguvu yake inapita kibuku mara nyingi.

Serikali za zamani ziliiogopa. Mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya mwaka 1919 yalikataza kutengeneza pombe ya mvuke katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ya Wabelgiji ikiwa ndani. Watu waliendelea kuipika kwa kujificha.

Wengi wanasema lutuku inaua kwa sababu ya metanoli. Iko haja ya kueleza vizuri. Mahindi yaliyochacha hayatoi metanoli mingi. Watu wanapokufa kwa wingi, mara nyingi ni kwa sababu mutu ameongeza alkoli ya viwanda ili pombe iwe kali na ya bei ndogo. Kenya ilizika makumi ya watu kwa namna hiyo mwezi wa tano mwaka 2014. Dalili ni kuumwa tumbo na kichwa, na macho kuona ukungu, mara nyingine kisha saa nyingi. Mutu akiona ukungu kisha kunywa, asilazwe nyumbani "ili pombe ishuke". Apelekwe hospitali mara moja.

Hatari ya pili ni chombo. Wapikaji fulani wanatumia radiateri ya gari ili kupoza mvuke, na radiateri nyingi za zamani ziliunganishwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na Lubumbashi ni mji wa madini. Pipa lililobeba asidi ao dawa ya kiwanda haliwi pipa la chakula, hata likioshwa mara kumi. Neno hili linahusu munkoyo na kibuku pia.

Unga uliooza: somo la Chitima

Hatari kubwa zaidi inaweza kuwa mbele ya moto kuwashwa. Haut-Katanga inakula mahindi mengi yanayotoka Zambia. Mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la inchi, wakaaji wa Lubumbashi walijua maana yake kwa bukari. Wakati kama ule, unga ulioloa mvua ao wenye ukungu unatupwa kwa uchungu. Na kuna wazo la zamani linalosema: haufai kwa bukari, lakini kwa pombe unaenda.

Tarehe 9 mwezi wa kwanza 2015, huko Chitima, katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji kwenye kilio. Watu zaidi ya 230 waliugua, 75 walikufa, na mwanamuke aliyeipika alikufa pia. Kwanza watu walisema ni uchawi, ao nyongo ya mamba. Wachunguzi walipopima, walikuta sumu inayoitwa asidi ya bongkreki. Inatengenezwa na mikrobe fulani ndani ya chakula kilichoharibika. Unga uliotumiwa ulikuwa umeloa katika mafuriko, na ulionekana haufai tena kwa chakula. Sumu ile haina harufu wala ladha, na moto hauiondoe.

Ukungu wa mahindi una sumu nyingine, aflatoksini. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ile. Na yenyewe haiishi kwa kuchemsha.

Kwa hiyo kipimo cha mupikaji ni chepesi: unga ambao hawezi kusonga bukari na kuwapa watoto wake, asiupike pombe. Mayi ya kisima yachemushwe, kwa sababu kolera inarudi katika mji huu mara kwa mara. Pipa liwe la chakula tu. Mizizi iingie wakati uji umepoa kadiri. Na mununuzi asione haya kuuliza siku ya kupika. Mama anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika.