Kuvuka Bahari Kati ya Septemba na Novemba: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Mpemba

Jina la Mpemba, mji mdogo ulio jirani na Tunduma, huweza kumfanya mgeni adhani kuwa wenyeji wake ni watu wa kisiwa cha Pemba. Kati ya sehemu hizo mbili pana zaidi ya kilomita 900 za barabara hadi Dar es Salaam, kisha bahari. Wapo wakazi wa Mpemba wanaouvuka umbali huo kwa biashara, kwa matibabu au kwa kuwatembelea ndugu. Sehemu hii ya kijitabu inawaeleza hali ya hewa watakayoikuta baharini kuanzia Septemba hadi Novemba, na namna ya kujiandaa kwayo.

Majira ya bara na majira ya bahari

Mkulima wa Songwe huuhesabu mwaka kwa mvua. Mvua za msimu huanza takriban Novemba na kukoma Aprili, na miezi iliyobaki ni ya ukavu. Kwa kuwa mavuno yamekwisha na barabara hazina matope, wengi huuona wakati huo kuwa ndio mwafaka wa safari ndefu. Kwa usafiri wa barabarani hesabu hiyo ni sahihi, lakini haifai kwa bahari.

Wapwani huuhesabu mwaka kwa upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki takriban Mei hadi Septemba, na ukali wake huzidi Juni hadi Agosti. Huvuma hata anga likiwa jeupe na jua likiwaka. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika upepo mkali na mawimbi makubwa ya majira hayo. Kwa hiyo tunamwomba msafiri aishike kanuni moja: ukavu wa anga si utulivu wa maji.

Utarajie nini kila mwezi

Septemba, kusi huwa linapungua, ila halijakoma. Siku kadhaa za utulivu huweza kufuatwa na siku mbili au tatu za bahari kuchafuka. Usiamini kwamba safari yako ya kurudi itafanana na ya kwenda.

Oktoba na sehemu ya Novemba ni wakati wa maleleji, yaani kipindi ambacho kusi linaondoka na kaskazi halijashika. Pepo huwa dhaifu na hubadili mwelekeo, na kwa kawaida huu ndio wakati mwanana zaidi kwa abiria asiyeizoea bahari. Hata hivyo, ndipo pia mvua za vuli zinapoanza pwani. Wingu zito la mvua huweza kuleta upepo wa ghafla, radi, na ukungu wa mvua unaoficha kisiwa kilichokuwa kikionekana.

Kuelekea mwisho wa Novemba, vuli huzidi, joto na unyevu huongezeka, na kaskazi huanza kujitokeza. Msimu wa vimbunga wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi nao huanza. Vimbunga hufika pwani yetu kwa nadra, lakini hufika. Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoukaribia ukanda wa Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa.

Saa na njia

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvutwa kutoka baharini. Ndiyo sababu safari ya asubuhi mara nyingi huwa tulivu kuliko ya alasiri. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mikondo huwa na nguvu zaidi. Mkondo ukikabiliana na upepo, mawimbi husimama wima na chombo hurushwa zaidi.

Njia nazo hazilingani. Kati ya Dar es Salaam na mji wa Unguja, kisiwa hukinga sehemu ya mawimbi yatokayo mashariki. Ukishapita Nungwi kuelekea Pemba, kinga hiyo haipo, na mawimbi ya bahari kuu hukifikia chombo moja kwa moja. Katika eneo hilo ndipo MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imepakia abiria kupita kiasi. Chombo kilichozidishiwa mzigo hakihitaji dhoruba ili kizame.

Kabla ya kulipa nauli

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unaohusu bahari, si ule wa mkoa wako pekee. Maneno yake yana daraja: “angalizo” ni hatua ya kwanza, “tahadhari” ni ya pili, na “tahadhari kubwa” ni ya juu kabisa. Upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 ni jambo zito kwa abiria, hata kama nahodha ataruhusiwa kuondoka.

Uliza, kabla ya kulipa, nini hufanyika iwapo safari itaahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa: utasafiri siku inayofuata kwa tiketi hiyo hiyo, au utarudishiwa fedha? Soma masharti yaliyo kwenye tiketi na uitunze. Tiketi iandikwe jina lako halisi, kwa kuwa orodha ya abiria ndiyo inayotumika kuwatafuta watu ajali inapotokea.

Weka akiba ya siku moja au mbili, pamoja na fedha ya malazi na chakula. Usikate tiketi ya basi la kurudi Tunduma kwa siku ile ile ya kuvuka. Msafiri asiye na akiba ndiye anayeshawishika kupanda chombo kisichostahili, ilhali wenzake wanasubiri bahari itulie.

Siku ya safari, kula chakula chepesi, kaa katikati ya chombo, na utazame upeo wa bahari ukihisi kichefuchefu. Funga mizigo kwa plastiki. Jua mahali yalipo majaketi ya kuokolea maisha kabla ng’anda haijaondoka. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, kisha utoe taarifa kwa maofisa wa bandari.

Tunafahamu kwamba kulala Dar es Salaam usiku mmoja zaidi ni gharama kwa mtu aliyetoka mbali. Hata hivyo, gharama hiyo hulipika. Safari iliyoahirishwa kwa ajili ya upepo haijaharibika, maana abiria wake bado wapo bandarini, wakiwa na tiketi zao mkononi.